Valvu ya majitaka kwenye karavani ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye karavani wa Tanga

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye karavani ya zamani, hasa ya Kimarekani ya miaka ya 1960 au 1970, ambaye sasa anataka choo chake kifanye kazi. Karavani ninazoitwa kuzitazama, iwe Raskazone, Sahare au njia ya Pangani, habari zake zinafanana: mgeni alikuja nayo, akakaa, akaondoka, ikabaki chini ya mwembe. Ndiyo Tanga yetu ya waja leo waondoka leo. Mwenye kiwanja anaamua kuifanya chumba cha wageni, anafungulia maji, na kasheshe inaanzia chini, kwenye valvu ya kutolea majitaka, yaani lango la bomba linalozuia na kuachia kilichomo kwenye tangi la choo.

Kabla ya yote: usikubali fundi akate bomba wakati hajakwambia kilichoharibika ni kishikio, chuma cha kuvutia, sili (mpira wa kuzuia kuvuja) au bamba (kipande bapa kinachofunga na kufungua njia). Hivyo ni vitu vinne tofauti na dawa zake ni tofauti.

Nitajuaje kama karavani yangu ina valvu hiyo?

Huenda haina. Angalia kwanza imetengenezwa wapi. Karavani za zamani za Uingereza na Afrika Kusini, mfano Sprite na Jurgens, kwa kawaida hazina tangi la choo chini ya sakafu. Wenyewe walitumia choo cha kubeba chenye dawa, na baadaye kaseti, yaani kitangi kidogo kinachochomolewa kwa kimlango cha ubavuni. Maji ya sinki yalitoka kwa kibomba chembamba na kuingia kwenye ndoo nje. Ukiona kibomba hicho tu, acha kutafuta valvu.

Za Kimarekani ni habari nyingine. Nyingi za miaka ya 1950 hazina tangi. Choo, kama kipo, kinashuka moja kwa moja kwenye bomba. Kwenye miaka ya 1960 tangi la choo likawa jambo la kawaida, na hapo ndipo valvu inapoingia. Tangi la pili, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, lilichelewa. Kwenye karavani nyingi za wakati huo maji ya sinki na bafu yanaungana na bomba la choo mbele ya valvu, upande wa mdomo wa nje, hayana tangi wala valvu yake. Liweke hili akilini, tutalihitaji kwenye swali la maji kurudi bafuni.

Wapo wanaobisha kwamba karavani za Marekani zisingeweza kufika Afrika zamani hizo. Zilifika. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, kampuni ya Kimarekani ya karavani za alumini, aliongoza msafara wa karavani zake kutoka Cape Town, ukaishia Cairo mwaka 1960. Kwa hiyo ukikuta gamba la alumini lenye ribiti mahali usipotarajia, usiseme ni tangi la maziwa.

Valvu yenyewe iko wapi?

Anza na choo, usianze na nje. Kwenye karavani hizi choo mara nyingi kimekaa juu ya tangi lake, kinyesi kinadondoka wima. Ingia chooni, pima kwa futi umbali kutoka ukuta wa nyuma wa karavani, kisha toka nje upime umbali huohuo kwa chini. Tangi liko hapo. Kutoka kwenye tangi bomba la inchi 3 linaelekea ubavuni, na valvu inakaa kati ya tangi na mdomo wa bomba, mara nyingi karibu kabisa na tangi.

Kwa nje tafuta kishikio chenye umbo la herufi T. Kinapenda kujificha nyuma ya gurudumu, chini ya ukingo wa bodi, au ndani ya kimlango kidogo ambacho mtu alishakipaka rangi kikagandamana na bodi. Kishikio kimefungwa kwenye chuma cha kuvutia; kifuate chuma hicho kwa mkono mpaka mwisho, na mwisho wake ni valvu. Ukikuta vishikio viwili, kilicho kwenye bomba nene la inchi 3 ni cha choo na kilicho kwenye bomba la inchi moja na nusu ni cha maji ya sinki na bafu.

Ni upande gani wa karavani?

Kushoto, ukitazama kule inakoelekea ikivutwa. Marekani wanaendesha kulia, hivyo mlango wa kuingilia uko kulia na mabomba yako kushoto. Huku kwetu ukiegesha kando ya barabara, mlango unafungukia magari na bomba la choo linatazama mtaro.

Chini kumefunikwa bati lote, sioni bomba. Nikate?

Usikate bado. Mpe mtu ndoo ya maji aimwage chooni polepole, wewe lala chini usikilize. Maji yanapoanguka panasikika wazi. Baada ya hapo ingiza kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu kupitia pengo lolote la bati, yaani pale bomba au waya unapopita. Ukishajua mahali, toa vichwa vya ribiti kwa drili kwenye kipande hicho tu, ukishushe, na ukirudishe kwa skrubu badala ya ribiti. Atakayekuja kufungua tena atakushukuru, na huenda ukawa ni wewe mwenyewe.

Nifanye nini kabla ya kugusa chochote?

Mulika tochi kwenye shimo la choo uone kama tangi lina kitu. Karavani iliyokaa miaka inaweza kuonekana kavu juu huku chini kuna tope zito. Kama kuna kitu, ita gari la kunyonya majitaka linyonye kutokea juu, kupitia shimo la choo. Waambie mapema waje na hosi nyembamba. Kufungua valvu isiyojulikana hali yake ukiwa umelala chini yake ni kujitafutia.

Usimwage Jik ndani ya tangi lenye mkojo wa zamani. Klorini ya Jik ikikutana na amonia ya mkojo inatoa hewa inayochoma mapafu, na ikikutana na siki au asidi nyingine inatoa gesi ya klorini yenyewe. Jik itumie baadaye, kufutia vifaa na sehemu ulizochafua: sehemu 1 ya Jik kwa sehemu 6 za maji. Vaa glavu nzito, usivute sigara, na usiingize kichwa kwenye tangi. Kama una mchubuko mkononi, ufunge vizuri au mwachie mwenzako kazi. Kipindupindu na homa ya matumbo tunavijua, na pepopunda inaingia kwa kidonda kidogo tu.

Halafu kuna suala la kulala chini. Miguu ile minne ya pembeni ya karavani si jeki. Kazi yake ni kuzuia isiyumbe. Weka jeki kwenye chesisi, kisha stendi, na chini ya stendi weka kipande cha mbao nene, maana mchanga wa Sahare unazama. Magurudumu yawekewe mawe pande zote mbili.

Kishikio hakivutiki kabisa. Nitumie nguvu?

Hapana. Ndani ya valvu kuna bamba linaloingia na kutoka kama droo ya kabati, likibanwa na sili mbili za mpira, moja kila upande. Likikaa miaka bila kusogea, mpira unaganda kwenye bamba, na mkojo uliokauka unaacha magadi magumu kwenye mfereji wake. Aliyekuwa akisafishia maji ya kisima cha chumvi atakuta magadi zaidi. Ukivuta kwa nguvu, au mbaya zaidi ukifunga kamba kwenye gari, kinachokubali kwanza ni chuma cha kuvutia: kinapinda, au kinang'oka kwenye bamba. Hapo tatizo la bure limekuwa tatizo la fedha.

Fanya hivi. Mwaga maji ya moto, siyo yanayochemka, pamoja na sabuni ya vyombo ndani ya tangi mpaka yafunike kwenye tundu la kutokea. Acha yalale usiku kucha. Kwa nje fungua kifuniko cha mdomo wa bomba huku ndoo ikiwa chini yake, na upulizie silikoni ya kopo kwenye bamba na pale chuma kinapoingilia. Asubuhi sukuma kwanza, ndiyo, sukuma ndani, halafu vuta kidogo. Sukuma, vuta. Bamba likisogea hata unene wa kucha, umeshinda. Rudia mpaka litoke lote. Kama halijasogea, toa maji ya sabuni, weka siki nyeupe iloweke magadi, subiri tena. Subira hapa ni bei rahisi kuliko valvu.

Usigongegonge kwa nyundo. Plastiki ya umri huo inapasuka.

Kishikio kinavutika kirahisi mno lakini hakuna kinachotoka.

Chuma kimeachana na bamba. Kwenye aina nyingi chuma hicho kimefungwa kwa nyuzi kama za skrubu, kwa hiyo mtu akikizungusha wakati akivuta kinafunguka taratibu bila yeye kujua. Jaribu kukisukuma ndani ukikizungusha kwa mkono kufuata saa. Mara nyingine kinashika na kazi inaishia hapo. Kama nyuzi zimelika, au bamba limevunjika pale chuma kinaposhika, fungua valvu.

Kuna karavani ambazo badala ya chuma zina waya ndani ya ala, kama tangi liko mbali na kishikio. Kwa hewa ya bahari waya huo ndio wa kwanza kuoza. Valvu inakuwa nzima, inalaumiwa bure.

Valvu inavuja. Nianzie wapi?

Anzia kujua inavuja wapi. Funga valvu, jaza tangi maji safi nusu, kausha bomba lote kwa kitambaa, kisha zungushia karatasi ya chooni kwenye kila kiungo. Karatasi itakayoloa kwanza inakupa jibu.

Ikiloa pale chuma cha kuvutia kinapotokea, ni sili ndogo inayozunguka chuma hicho. Ikiloa kwenye maungio ya valvu na bomba, bolti zimelegea au sili kubwa imejikunja. Kama nje pote pakavu lakini ukifungua kifuniko maji yanachuruzika, basi bamba halifungi sawasawa, na sababu kubwa ni mchanga, karatasi au mabaki kwenye mfereji. Hilo huhitaji kununua kitu. Jaza tangi, fungua valvu kwa mkupuo, funga, rudia. Maji mengi yanayoshuka kwa kasi yanasafisha mfereji kuliko kijiti chochote utakachochomeka.

Nikioga maji yanajaa miguuni, na kuna harufu ya choo bafuni. Valvu imeziba?

Mara nyingi valvu haina kosa. Rudi kwenye lile la maji ya bafu kuungana na bomba baada ya valvu. Kama kifuniko cha nje kimefungwa au hosi imeziba, maji ya kuoga hayana pa kwenda, yanajaa bomba na kurudi kwenye tundu la chini kabisa ndani ya karavani, ambalo ni la bafu. Fungua kifuniko juu ya ndoo uone. Na kama valvu ya choo inavuja, kilichovuja kinakaa kwenye kipande hichohicho cha bomba, ndiyo harufu unayoisikia. Mtego wa maji chini ya bafu, yaani kona ya bomba inayobaki na maji ya kuzuia harufu, ukikauka pia unaleta harufu. Mwaga jagi moja la maji kabla ya kumwita fundi.

Nipake mafuta gani? Shemeji yangu anasema ya nazi yanatosha.

Shemeji ana nia njema, na ya nazi tunayo ya kutosha, lakini yanakusanya mchanga na mwishowe yananata. Mafuta ya injini, dizeli na grisi ya magari navyo viache, vinaweza kuvimbisha au kulegeza mpira. Tumia silikoni: ya kupuliza kwa matengenezo ya kawaida, na grisi ya silikoni wakati wa kufunga sili mpya.

Nabadilishaje sili au valvu nzima?

Kwenye aina iliyozoeleka valvu imebanwa kati ya flanji mbili, yaani pete bapa za mwisho wa bomba, kwa bolti nne za robo inchi. Spana namba 11 inaziingia. Bolti zikiwa zimeliwa na kutu, na kwa Tanga zitakuwa zimeliwa, usipoteze asubuhi. Zikate kwa msumeno wa chuma na uweke za stenlesi.

Kabla ya kufungua bolti ya mwisho, egemeza bomba kwa kipande cha mbao lisining'inie. Panua flanji taratibu, kiasi tu cha valvu kuchomoka. Hapa ndipo wengi wanapovunja bomba: ni gumu kwa uzee, halipendi kukunjwa. Kama halina nafasi ya kusogea, legeza kwanza vibano vinavyolishikilia kwenye chesisi upate nafasi.

Valvu ikishatoka, ioshe na uitazame juani. Pitisha kidole kwenye ukingo wa bamba. Ukisikia mkwaruzo au pengo, sili mpya peke yake haitasaidia sana. Kama bamba ni laini na mwili haujapinda, sili mbili mpya na ile ndogo ya chuma zinatosha. Safisha nyuso za flanji kwa brashi na maji ya sabuni mpaka usione mabaki ya mpira wa zamani.

Kurudisha ndiko kwenye ufundi. Paka grisi ya silikoni nyembamba kwenye mfereji wa kila sili ili ikae mahali pake. Weka kwanza bolti mbili za chini, ziache zimelegea, ziwe kitanda cha valvu kukalia. Shusha valvu katikati ya flanji ikiwa imefungwa, huku mwenzako akimulika: sili ikichungulia nje hata sehemu ndogo imejikunja, itavuja siku hiyohiyo. Toa, panga upya. Zikiwa sawa, weka bolti za juu na ukaze kwa msalaba, kidogo kidogo kila moja. Ukikaza mno mwili wa plastiki unapinda na bamba linakuwa gumu kuliko ulivyolikuta. Vuta kishikio baada ya kila mzunguko wa spana. Kikianza kuwa kizito, umefika, rudi nyuma robo.

Kisha jaza maji safi, zungushia karatasi kama mwanzo, acha usiku mmoja kabla choo hakijaanza kutumika.

Dukani hakuna valvu ya namna hii. Naweza kuweka geti valvu ya maji ya kawaida?

Geti valvu ya shaba ya kuzungusha, hapana. Chini yake kuna kijishimo ambacho kinajaa uchafu, na siku ya pili haifungi. Kama nafasi ipo, valvu ya tufe (ball valve) ya PVC ya inchi 3, ile ambayo ikifunguka unaona upande wa pili bila kizuizi, inafanya kazi. Ni nzito, kwa hiyo ifungie ukanda wa chuma kwenye chesisi, isiliachie bomba uzito wake. Ukitaka ya asili, agiza ya inchi 3 kutoka nje. Valterra ni kiwanda kimojawapo kinachotengeneza.

Kuna na njia ya kati: valvu ya kuongezea inayozungushwa kwenye mdomo wa bomba pale kifuniko kinapokaa. Haitibu ugonjwa, ila kama ya ndani inachuruzika kidogo na wageni wanakuja wikiendi, itakusitiri.

Bomba letu la dukani linaingia kwenye la Kimarekani?

Haliingii vizuri. Bomba la inchi 3 la Kimarekani lina kipenyo cha nje cha milimita 88.9, na la kwetu linaloitwa inchi 3 mara nyingi ni milimita 90. Hiyo milimita moja na kitu inatosha kukunyima kiungo. Jambo la pili, bomba jeusi la karavani kwa kawaida ni ABS, plastiki ya aina nyingine, wala si PVC, na gundi ya PVC haiaminiki kwake. Unganisha kwa mpira mnene wenye klipu mbili za stenlesi. Unahimili tofauti ya vipenyo, unavumilia mtikisiko, na siku ya kufungua unafungua kwa bisibisi.

Karavani yangu haisafiri tena. Naweza kuiunganisha na chemba moja kwa moja na kuiacha valvu wazi?

Kuunganisha, sawa. Lete bomba la milimita 110 mpaka chini ya mdomo, lipe mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, na lifikishe kwenye chemba ya septiki, si kwenye shimo la kunyonya maji ya sinki.

Kuiacha wazi, hapana, hata kama fundi bomba wako anasema ndivyo nyumba zote zilivyo. Choo cha nyumba kinasukuma kwa lita nyingi za maji kwa mara moja. Cha karavani kinatumia kidogo sana. Valvu ikiwa wazi maji yanakimbia, kinyesi kinabaki na kujijenga kichuguu chini ya shimo la choo. Kikikauka hapo hakitoki kwa ndoo wala kwa maombi. Ifunge, subiri tangi lifike angalau theluthi mbili, ndipo ufungue yote kwa pamoja. Kama una tangi la maji ya bafu, fungua la choo kwanza, lifunge, halafu la bafu lisafishe hosi.

Na kama sina septiki, nimwage wapi? Usiku pwani hakuna mtu.

Pwani kuna watoto wanaookota chaza asubuhi. Kumwaga majitaka baharini, mtoni au kwenye mtaro ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na afisa afya wa kata hahitaji hata kuisoma ili akufuate, atafuata harufu. Ita gari la kunyonya, au uliza Tanga UWASA, mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira, mahali wanapopokea majitaka.

Vipuri gani niweke akiba?

Sili mbili kubwa na ile ndogo ya chuma, bolti nne za stenlesi na nati zake, kishikio kimoja, kopo la silikoni na kifuniko cha mdomo wa bomba. Kifuniko hasa: watoto wanakipenda, na kikipotea mende wa mtaa mzima wanahamia humo. Bolti za stenlesi zikigusa alumini, weka washa ya plastiki katikati, la sivyo kwa hewa yetu ya chumvi alumini inaliwa pale zinapogusana. Sili zihifadhi ndani ya mfuko, mbali na jua na mbali na mafuta ya taa.